Saa 7 Usiku ni ya Tarehe Ipi? Kusafisha Programu ya Kumbukumbu za Watoto Wachanga Hatua kwa Hatua

Mama mmoja amejifungua katika kituo cha afya wilayani Butiama. Muuguzi aliyeingia zamu Jumatatu jioni ameandika katika rejesta: tarehe 3 Juni 2024, saa 7 usiku. Siku ya Jumanne, saa 11 jioni, uso wa mtoto unaonekana kuwa na rangi ya manjano, naye anapewa rufaa kwenda Musoma. Swali la kwanza la daktari wa watoto ni lile linaloulizwa popote duniani: mtoto huyu ana umri wa saa ngapi?

Mfano huu ni wa kubuni, lakini hesabu yake ni ya kweli. Ikiwa mtoto alizaliwa usiku wa kuamkia Jumanne, alipoonekana na manjano alikuwa na umri wa saa 16. Ikiwa kompyuta imechukua tarehe 3 kama ilivyoandikwa na kuigeuza saa 7 usiku kuwa 01:00 ya Jumatatu, umri unakuwa saa 40. Umanjano unaojitokeza kabla ya saa 24 hauhesabiwi kuwa wa kawaida hata kidogo. Huenda damu ya mama na ya mtoto hazipatani, au yapo maambukizi, au mtoto ana upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Unaojitokeza siku ya pili au ya tatu huwapata watoto wengi wenye afya, na mara nyingi hupungua wenyewe. Zaidi ya hayo, kiwango cha bilirubini kinacholazimu tiba ya mwanga hupanda kadiri saa za umri zinavyoongezeka katika siku za mwanzo. Kipimo kilekile cha damu kinaweza kudai tiba mara moja kwa mtoto wa saa 16, na kikaonekana chaweza kusubiri kwa mtoto wa saa 40. Bilirubini ikizidi mno huingia katika ubongo na kuacha ulemavu wa kudumu, ukiwamo uziwi.

Kati ya rejesta na macho ya daktari, siku hizi mara nyingi pana programu ya kompyuta. Si lazima iwe mfumo mkubwa wa taifa. Pengine ni programu ndogo iliyozaliwa kwa haja tu. Mtumishi mmoja mwenye mkono mwepesi wa kompyuta aliona jinsi orodha za Musoma, Bunda na Butiama zilivyofika kila moja na umbo lake, na jinsi mama mmoja alivyoweza kuwamo katika zote tatu: kliniki alihudhuria Bunda anakoishi, akaenda kujifungulia kwa wazazi wake Butiama, mtoto akalazwa Musoma. Akakaa jioni mbili tatu, akaandika mistari mia chache kwa lugha ya Python, ile iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum na ambayo leo hufundishwa katika vyuo vingi. Programu yake haina madirisha wala vitufe vya kubofya. Mtumiaji huandika amri moja kwa kibodi, nayo husoma mafaili, huoanisha majina, hukokotoa umri na kutoa orodha ya watoto wanaotakiwa kuonwa. Inakubali kompyuta kuukuu, wala haidai intaneti.

Kazi hiyo si ndogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba baada ya huduma ya saa 24 za mwanzo, mama na mtoto waonwe tena kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Anayekosea saa za kuzaliwa hukosea pia siku ya kumwita mama.

Sasa, ndani ya programu ile ya kale kulikuwa na kanuni fupi ya kugeuza saa za Kiswahili kuwa za kimataifa. Neno likiwa usiku, ongeza 18. Likiwa asubuhi, mchana au jioni, ongeza 6. Jumla ikifika 24 au zaidi, ondoa 24. Kwa saa 2 usiku kanuni inatoa 20:00, ambayo ni sahihi. Kwa saa 11 jioni inatoa 17:00, sahihi pia. Ndiyo sababu iliaminiwa. Lakini saa 12 asubuhi inageuka 18:00, na alfajiri inakuwa magharibi. Saa 1 jioni, kama wengi wanavyosema, inageuka 07:00. Na saa 7 usiku inakuwa 25, inaondolewa 24, inabaki 01:00, ila tarehe haiguswi. Hapo ndipo mtoto wa Butiama alipoongezewa siku nzima ya maisha ambayo hakuishi.

Mtu angedhani dawa ni rahisi: saa ikivuka usiku wa manane, sogeza tarehe mbele kwa siku moja. Dawa hiyo ingemdhuru mtoto mwingine. Muuguzi mmoja huandika tarehe ya usiku aliouanza zamu. Mwenzake, aliyezoea kwamba siku mpya huanza saa 6 usiku, huandika tarehe ya kesho. Wote wawili wanaandika kwa uaminifu. Mistari yao miwili katika rejesta inafanana neno kwa neno, na haimaanishi kitu kimoja. Hakuna kanuni ya hesabu inayoweza kuitenganisha. Yuko pia mwandishi wa tatu, anayeandika 7:00 peke yake bila neno lolote, na hapo hata mchana na usiku havijulikani.

Programu ya kale ilikuwa na desturi nyingine mbaya kuliko hiyo. Pale ambapo saa haikuandikwa kabisa, iliweka 00:00. Kutojua saa ya kuzaliwa kukageuzwa kuwa kuzaliwa saa 6 usiku kamili, na orodha ikatoka safi, bila pengo. Kasoro ya kompyuta inayoleta kelele na kuzima programu huudhi watu, lakini angalau hujitangaza. Hii ya kimya ndiyo ya kuogopwa. Mwaka 2020 nchini Uingereza, mamlaka ya afya ya umma ilikuta wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 hawakuingia katika takwimu za kila siku kwa takriban wiki moja, kwa sababu umbo la kale la faili la jedwali lilikuwa na ukomo wa mistari na yaliyozidi yaliachwa nje. Ufuatiliaji wa watu waliokutana nao ulichelewa.

Kinachofanywa mbele ya programu ya namna hii ndicho kiini cha makala haya. Kishawishi cha kwanza ni kuifuta na kuandika mpya. Wataalamu wengi wa programu huonya dhidi ya hilo, na sababu yao daktari ataielewa: mgonjwa anayetumia dawa saba hasimamishiwi zote siku moja, maana baadaye haitajulikana ipi ilikuwa ikimdhuru na ipi ikimshikilia. Programu ya kale imebeba maarifa ambayo hayakuandikwa popote pengine. Ule mstari wa ajabu unaoondoa nafasi mbili mbele ya jina huenda uliwekwa kwa ajili ya kompyuta ya kituo kimoja tu, na bila huo majina ya kituo hicho hayaoani.

Basi huanza kwa kuipima kama ilivyo. Huchukuliwa orodha za miezi iliyopita, hutolewa majina, namba za simu na kila kinachoweza kumtambulisha mtu. Taarifa za afya ni nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kompyuta mpakato ya fundi si mahali pa kuziweka wazi. Programu ya kale huendeshwa juu ya orodha hizo, na majibu yake, mazuri na mabaya, huhifadhiwa. Tangu hapo kila badiliko, hata la mstari mmoja, hufuatwa na kuendesha upya na kulinganisha. Jibu likibadilika pasipotarajiwa, badiliko hurudishwa. Mmarekani Michael Feathers aliyeandika kitabu juu ya misimbo ya kale mwaka 2004 aliliweka jambo hili mbele ya yote: kwanza ujue inachofanya, kisha ndipo useme inachopaswa kufanya.

Hatua inayofuata ni kutenganisha. Msimbo uliokuwa mfululizo mmoja, unaosoma faili huku ukikokotoa na kuandika matokeo papo hapo, hugawanywa vipande vyenye majina: kimoja husoma, kimoja hugeuza saa, kimoja huhesabu umri, kimoja huandika orodha. Hapa hakuna la kueleza sana. Ni kazi ya subira, na faida yake huonekana pale kipande cha kugeuza saa kinapoweza kujaribiwa peke yake kwa saa zote za mchana na usiku, alfajiri na jioni zikiwamo.

Kisha huja kutaja aina. Tangu toleo la 3.5, lililotoka mwaka 2015, Python huruhusu mwandishi aeleze kila thamani ni ya aina gani: hii ni namba, hii ni tarehe, hii ni maandishi. Si lazima kutaja zote kwa mara moja. Waweza kuanza na kipande kimoja na kuacha vingine, na programu ikaendelea kufanya kazi wiki nzima ikiwa nusu imetajwa na nusu bado. Wazo hilo la kutaja aina kidogo kidogo lilielezwa kitaalamu mwaka 2006 na Jeremy Siek na Walid Taha. Tahadhari moja: Python yenyewe hailazimishi maelezo hayo inapoendesha programu. Ni lebo juu ya chupa ya damu, ambayo haina maana asipokuwapo wa kuisoma. Msomaji wake ni kikaguzi maalumu, na kinachojulikana zaidi ni mypy, kilichoanzishwa na Jukka Lehtosalo alipokuwa akisomea uzamivu Cambridge. Kikaguzi hupitia msimbo wote kabla haujaendeshwa na kuonyesha palipowekwa kitu cha aina moja mahali pa kingine.

Katika programu ya mfano wetu, saa ya Kiswahili na saa ya kimataifa zote zilikuwa namba tupu. 7 ni 7. Kompyuta haikuwa na njia ya kujua kwamba hii imetoka kinywani mwa mama na ile katika mashine. Zikishapewa aina mbili tofauti, kikaguzi hukataa zichanganywe bila kupitia kipande kimoja tu kilichoruhusiwa kugeuza. Uzito nao huwa hivyo, gramu zikiwa aina yake na kilo yake, maana wodi ya wazazi yaweza kuandika 3200 na kliniki ikaandika 3.2.

Lakini faida kubwa iko kwenye lile lisilojulikana. Kipande cha kugeuza saa kinapotajiwa aina, mwandishi hulazimika kusema kitatoa nini. Hawezi tena kuandika kwamba hutoa wakati wa kuzaliwa, kwa sababu si kweli. Hutoa kimojawapo kati ya vitatu: wakati uliothibitika, wakati wenye shaka pamoja na tarehe mbili zinazowezekana, au kutokuwapo kwa wakati. Na tangu hapo kikaguzi humdai, kila mahali wakati huo unapotumika, aseme atafanya nini ukiwa na shaka na atafanya nini usipokuwapo. Ile 00:00 ya kujazia pengo haina tena pa kujificha.

Kikaguzi hakimjui mama, hata hivyo. Rejesta ikisema uongo kwa umbo lililo sahihi, aina zote zitakubali. Ndiyo maana safari iliyoanza kwa kusafisha msimbo huishia kwenye karatasi: safu ya rejesta iliyosema tarehe na saa huhitaji maneno ya kuamkia, au wauguzi wa vituo vyote vitatu wakubaliane kuandika saa 24 za kimataifa na tarehe inayoanza 00:00. Makubaliano hayo huchukua muda kuliko msimbo, hasa pale ambapo mwenye zamu yuko peke yake na wazazi wawili wanajifungua kwa pamoja.

Mama mwenyewe, kwa upande wake, husema kwa usahihi kuliko rejesta. Akiulizwa Jumanne jioni, hasemi tarehe 3 saa 7 usiku. Husema, usiku wa kuamkia leo. Maneno manne hayo yanatosha kuondoa shaka yote, na mzazi anayepokea kadi ya mtoto ana haki ya kuomba yaandikwe, au kuyasema tena kwa kila mhudumu anayempokea.

Toleo jipya la programu ya mfano huu bado lina vipande ambavyo havijatajiwa aina, na orodha yake si safi kama ile ya zamani. Mtoto wa Butiama hayumo kati ya wenye saa 40, wala hajawekwa kati ya wenye saa 16. Jina lake limekuja juu kabisa, peke yake, na chini yake pameandikwa: umri ni saa 16 au 40, uhesabiwe kuwa 16 mpaka mama aulizwe, ni usiku wa kuamkia lini?