Huruma Inayoozesha Mshubiri

Ukipita mitaa ya Dar es Salaam jioni za Januari, utawaona watu na makopo ya maji mkononi wakizunguka vyungu vyao barazani. Jua la kaskazi limewaka tangu asubuhi, joto limepita nyuzi 30, na kila mmea unaonekana kama unaomba. Mchicha unaomba kweli. Mshubiri hauombi. Mwaka jana niliupoteza mmoja niliokaa nao miaka sita kwa kutoijua tofauti hiyo. Niliunywesha kila jioni kwa kuuhurumia, na kabla mwezi haujaisha shina lilikuwa limelainika kama uji.

Wengi wetu tuliachishwa ziwa kwa shubiri, tukaujua uchungu wake kabla ya kulijua jina lake. Tabia yake hatuijui. Mmea huu, kama dungusi kakati, umebeba kisima chake mwilini, ndani ya ute wa majani. Mchana hufunga vitundu vya majani ili jua lisiunyang'anye maji. Usiku huvifungua na kuvuta hewa ya ukaa, akiba ya kupikia chakula chake kukipambazuka. Usiku ukiwa na fukuto, kazi hiyo hupungua, nao mmea hupunguza mwendo. Maji tunayoendelea kuumwagia hukaa tu kwenye udongo, mizizi ikaoza.

Basi kabla ya kumwagilia, uliza udongo. Chomeka kijiti hadi chini ya chungu, kisha ukichomoe. Kikitoka na udongo mbichi, subiri. Kikitoka kikavu, mwagilia alfajiri au jua likishatua, mpaka maji yatoke kwenye tundu la chini, halafu uache pakauke tena. Mpira wa maji uliolala juani uache maji yake ya mwanzo yamwagike pembeni, kwani hutoka ya moto.

Waridi la jangwani lina mambo yake. Ni la nchi kame za Afrika na Uarabuni, na jina lake la kisayansi, Adenium, limetokana na mji wa Aden. Hili hupenda jua kali na hunywa zaidi wakati wa joto. Shina lake nene likilegea huku udongo ni mkavu, lina kiu. Likilegea huku udongo umelowa, linaoza, na kopo moja zaidi ndilo litakalolimaliza. Ukilikata, nawa mikono: utomvu wake ni sumu, na wawindaji wa Afrika wameupaka kwenye mishale.

Udongo wa mimea hii yote uwe mwepesi, nusu mchanga mkavu wa chenga kubwa. Usichote mchanga wa ufukweni, una chumvi. Mmea uliozoea sebule usiutoe juani kwa mara moja. Uanze na jua la asubuhi, saa moja hadi saa tatu, kwa wiki nzima. Majani ya mshubiri yakiwa mekundu, unajikinga tu. Yakipata madoa makavu ya kahawia yameungua, na madoa hayo hayafutiki.

Visahani vya chini ya vyungu vimwage kila mara. Maji yaliyotuama hapo ni mazalia ya mbu wa dengi, na jiji hili halijasahau milipuko ya 2014 na 2019. Machi, mawingu ya masika yakianza kukusanyika, sogeza vyungu chini ya upenu, maana mvua hiyo ni hatari kwa mimea hii kuliko kiangazi chote.

Mshubiri nilionao sasa ni chipukizi nililolinusuru pembeni mwa ule uliooza. Jana jioni majani yake yalikuwa yamejikunja kidogo kwa joto, nami nilikuwa nimeshajaza kopo. Nikachomeka kijiti, kikatoka na udongo mbichi. Nikalirudisha kopo jikoni.