Kuizuia Motokaa ya Zamani Isichemke Njiani

Nimeombwa niandike jambo litakalowafaa watu, nami nimechagua habari za motokaa ya zamani yenye injini kubwa, na jinsi ya kuizuia isichemke wakati wa joto. Labda mtu atauliza, "Mwanafunzi wa miaka kumi na tisa anajua nini juu ya motokaa?" Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kovu lililo katika mkono wangu wa kulia, na ada ya shule iliyokaribia kutushinda mwaka jana. Nitaeleza.

Mjomba wangu, ndugu ya mama, anayo Mercedes-Benz 280 SE ya mwaka 1974. Injini yake ina silinda sita, ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,746, na ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi 185. Rangi yake ni nyeupe, na kwa sababu hiyo watu wa Bujumbura hupenda kuikodi kwa arusi. Fedha inayopatikana ndiyo inayonilipia ada mimi na wadogo zangu wawili. Basi motokaa hii si pambo la nyumbani. Ni shamba letu.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, tulichukuliwa kumpeleka bibi arusi Gitega. Kwanza tulizunguka mjini polepole pamoja na msafara, honi zikilia, jua likiwa kali. Kisha tukaanza kuupanda mlima wa kwenda Bugarama. Mimi nilikaa mbele karibu na mjomba. Nikauona mshale wa geji ya joto unapanda, ukapita mahali pake pa kila siku, ukaendelea. Nilitaka kusema, lakini nyuma walikaa bibi arusi na shangazi zake, nami niliona haya kumwambia mzee, mbele ya wageni, kwamba motokaa yake ina kasoro. Nikanyamaza. Baada ya kona chache mvuke ukafuka kutoka chini ya boneti, na injini ikazimika.

Hapo nikafanya kosa la pili. Nilishuka mbio, nikafungua boneti, nikashika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa chembamba na kukizungusha. Maji ya moto yakaruka yakaniunguza mkono hadi karibu na kiwiko. Bibi arusi akaendelea na safari katika motokaa ya mmoja wa wageni, na sisi tukavutwa kwa kamba mpaka mjini. Ilionekana kwamba silinda hedi, ambayo ni ya alumini, imepinda kwa joto, na gasketi yake imeungua. Gharama ya kuinyosha, kununua gasketi na kulipa ufundi ilikula fedha ya ada yetu sote watatu. Mama aliuza vitenge vyake viwili ili nirudi shuleni kwa wakati.

Fundi aliyetusaidia ni mzee wa Buyenzi, mtaa ambao mafundi wake wa motokaa wanajulikana mji mzima. Nilipopona nilikuwa nikienda kwake kila Jumamosi kumshikia spana. Siku ya kwanza nilimwambia, "Mzee, nadhani tulisahau kuongeza maji." Akanijibu, "Mwanangu, maji mliongeza kila siku. Swali ni hili: kwa nini yalikuwa yakipungua kila siku?" Neno hilo ndilo shina la habari yangu yote.

Injini huchoma petroli ili kupata nguvu, lakini si joto lote linalogeuka kuwa nguvu. Kwa kukadiria, sehemu moja katika tatu, au pungufu, huzungusha magurudumu. Sehemu nyingine kama hiyo hutoka kwa bomba la moshi. Na sehemu iliyobaki huingia hasa katika maji yanayozunguka injini. Maji hayo ni kama wachukuzi wa bandari yetu. Hubeba mzigo wa joto kutoka injini, huupeleka kwenye rejeta, huuacha hapo, kisha hurudi kuchukua mwingine. Upepo upitao katika rejeta ndio uuchukuao mzigo huo na kwenda nao. Sasa, ikiwa ghala limefungwa, kuongeza wachukuzi kunafaa nini? Watasimama tu na mizigo kichwani. Vivyo hivyo, kuongeza maji katika motokaa ambayo njia yake ya joto imezibwa hakuponyi kitu. Huchelewesha tu siku ya hasara.

Injini kubwa hutoa mzigo mkubwa zaidi inapofanyishwa kazi, na mlima wetu ni kazi kweli. Mji wa Bujumbura uko kando ya ziwa, kiasi cha mita 800 juu ya usawa wa bahari. Bugarama iko kama mita 2,200, na kati yake ni kilomita kama 35 tu. Nilifanya hesabu pamoja na mwalimu wetu wa fizikia. Motokaa na watu wake tuliikadiria kuwa kilo 2,000. Kuinyanyua mita 1,400 kunataka kazi ya joule milioni 27 na zaidi. Ukipanda kwa saa nzima, kazi hiyo ni kama kilowati 8. Ukipanda kwa nusu saa, ni kama kilowati 15. Na kwa kila kilowati inayokwenda kwenye magurudumu, nyingine kama hiyo huingia katika maji. Yaani, anayekimbia ni kama ameweka ndani ya rejeta birika saba za umeme za wati 2,000, na mwenda pole ameweka nne. Mlima ni ule ule, lakini rejeta haikupewa nafasi ya kupumua. Wala hapa sikuhesabu kazi ya kushindana na upepo na barabara.

Tena kuna jambo la kifuniko cha rejeta, ambacho watu wengi hukidharau. Kadiri tunavyopanda juu, ndivyo maji yanavyochemka upesi. Katika sufuria iliyo wazi, maji huchemka Bujumbura yakifika digrii 97 hivi, na Bugarama yakifika digrii 93 hivi. Injini nyingi hufanya kazi kati ya digrii 80 na 95, kwa hiyo mahali penye kazi nyingi ndipo maji yalipo karibu zaidi na kuchemka. Kifuniko kizima chenye springi na mpira mzuri huyafungia maji ndani kwa mgandamizo. Kama mgandamizo wake ni bar 1, maji hayachemki hata Bugarama mpaka yapite digrii 115. Lakini mpira ukipasuka, faida hiyo yote inapotea. Na mgandamizo huo huo ndio ulioniunguza mimi: maji yaliyofungiwa, ukiyafungulia ghafula, hugeuka mvuke mara moja.

Mzee fundi alipoichunguza motokaa yetu alikuta makosa matatu. La kwanza, mpira wa kifuniko ulikuwa umekauka na kupasuka, na ndiyo maana maji yalipungua kila siku. La pili, alipitisha kiganja juu ya rejeta baada ya injini kupata moto na kuzimwa. Juu palikuwa pa moto, lakini upande mmoja wa chini ulikuwa baridi. Maana yake mirija ya upande ule imeziba. Sisi wenyewe tuliiziba, kwa kujaza maji ya mito yenye udongo kila tuliposafiri. La tatu lilinishangaza zaidi. Zamani fundi mmoja alikuwa ameitoa themostati na kuitupa, akisema, "Nchi ya joto haihitaji kitu hiki." Kumbe katika injini nyingi za namna hii themostati ina kazi mbili: ikifunguka hupitisha maji kwenda kwenye rejeta, na wakati huo huo huifunga njia ya mkato inayoyarudisha maji ndani ya injini. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi siku zote, na maji mengi huzunguka ndani bila kufika kwenye rejeta hata kidogo. Hivyo ile iliyoitwa dawa ilikuwa ugonjwa.

Basi, mwenye motokaa ya namna hii na afanye mambo haya kabla ya miezi ya joto:

1. Azibue rejeta nje na ndani. Nje, wadudu wa bonde la Rusizi, mbegu za nyasi na vumbi hukwama katika mapezi yake. Yafaa kuyaosha kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kwenda mbele. Ndani, mirija iliyoziba isafishwe na fundi.

2. Atumie maji safi pamoja na dawa ya kuzuia kutu. Hapa kwetu maji hayagandi kamwe, lakini kutu hula chuma na alumini kila siku.

3. Ajaribu themostati kwa kuitia katika sufuria ya maji motoni. Ikifika joto lililoandikwa juu yake ni lazima ianze kufunguka. Isipofunguka, anunue nyingine. Asiitupe tu na kupaacha pahali pake patupu.

4. Atazame mkanda wa feni, mipira ya maji na pampu. Mkanda uliolegea huichelewesha pampu, na mpira uliolainika hupasuka mlimani.

5. Aijaribu feni. Katika motokaa nyingi za aina hii feni imeshikwa na kiungo chenye mafuta mazito ndani, nacho huishika zaidi kukiwa na joto. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, izungushe kwa mkono: ikizunguka kwa wepesi bila kuzuiwa na kitu, kiungo kimekufa. Tena lile bati linaloizunguka feni lisiondolewe, maana bila hilo feni huvuta upepo wa pembeni badala ya ule wa rejeta.

6. Amwombe fundi apime wakati wa kuwaka kwa plagi na mchanganyiko wa petroli. Moto wa plagi ukichelewa, au petroli ikiwa kidogo kuliko hewa, injini huongeza joto bila kuongeza nguvu.

Njiani pia kuna adabu zake. Panda kwa gia ndogo na mwendo wa taratibu, ili pampu na feni zizunguke vizuri bila injini kulemewa. Mshale ukianza kupanda, punguza mwendo, fungua hita yote hata kama abiria watatoka jasho, kwa kuwa hita ni rejeta ndogo ya pili. Ukiendelea kupanda, simama mahali salama, fungua boneti, uiache injini ingurume kidogo bila mzigo ili maji yaendelee kuzunguka. Lakini ukiona mvuke, au maji yanamwagika, zima mara moja. Subiri nusu saa au zaidi. Usiguse kifuniko mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kuushika mkononi bila kuungua. Kisha funika kwa kitambaa kinene, zungusha kidogo, acha pumzi itoke, ndipo ufungue. Wala usimwage maji baridi katika injini ya moto, maana chuma hupasuka kama glasi.

Wengine husema motokaa za zamani hazikuumbwa kwa nchi zetu. Si kweli. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, Mercedes-Benz 219 ya Bill Fritschy ilishinda mwaka 1959 na 1960, na 220 SE ya John Manussis ikashinda mwaka 1961. Datsun 240Z, yenye silinda sita kama ya mjomba, ilishinda mwaka 1971 na 1973. Motokaa hizo zilipita katika joto, vumbi na milima isiyopungua yetu. Umri si kosa. Kosa ni uvivu wa mwenyewe.

Motokaa yetu sasa ina rejeta iliyozibuliwa, themostati mpya na kifuniko kipya. Mwezi wa Desemba tuliipandisha tena Bugarama, na watu watano ndani, na mshale haukutoka mahali pake. Lakini dawa moja haikununuliwa dukani. Kabla ya kuondoka siku ile mjomba aliniambia, "Wewe utakaa mbele, utazame mshale. Ukipanda, useme, hata kama nyuma amekaa askofu." Nikamwambia, "Ndiyo, mjomba. Na hata siku ile niliuona." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilijua. Nami niliuona, nikaona haya kusimama mbele ya wageni."

Basi wenzangu, wote wawili tuliuona ufa, na kwa ajili ya haya tukajenga ukuta kwa fedha ya ada. Heshima kwa mkubwa si kunyamaza motokaa inapochemka.