Kompyuta ya Nyumbani Ikiganda na Kukataa Kuwaka

Ni jioni, na umeme umerudi baada ya kukatika tangu adhuhuri. Mtoto wa sekondari ameketi mbele ya kompyuta ya baba yake akiandika insha ya shule. Mara mshale mdogo unasimama katikati ya kioo. Anabonyeza huku, anabonyeza kule, hakuna kinachosogea. Anaizima mashine kwa kushikilia swichi, kisha anaiwasha tena. Feni inavuma na taa inawaka, lakini kioo kinabaki cheusi, chenye mstari mmoja mweupe wa Kiingereza usemao kwamba hakuna diski ya kuanzia kazi. Mama anaitwa kutoka jikoni. Baba yuko mbali kikazi.

Kisa cha namna hii hutokea katika nyumba nyingi, na katika kota za kambi uzito wake ni wa pekee. Kompyuta ya askari aghalabu si chombo cha michezo tu. Ndani yake mna vyeti vya watoto vilivyopigwa picha, hesabu za akiba, nakala za karatasi za uhamisho na madai ya pensheni. Tangu mwaka 2007, Uganda ilipopeleka askari wake wa kwanza Somalia chini ya Umoja wa Afrika, familia nyingi zimezoea kupokea picha kutoka ng'ambo ya mpaka na kuzihifadhi katika mashine iliyo sebuleni. Mashine yenyewe yaweza kununuliwa nyingine. Picha ya baba iliyopigwa mwezi mmoja kabla hajaumia haipatikani dukani.

Hatari huanza pale fundi anapoitwa. Fundi wa mtaani anayelipwa kwa kazi, si kwa saa, hupenda njia fupi.

"Mama, hapa hakuna dawa ila kufuta yote na kuingiza Windows upya."

"Na picha zilizomo, fundi?"

"Hizo zitakwenda, mama. Mashine imekufa."

Naye mama, kwa kuwa hajui, hukubali. Mara nyingi kufuta huko hakukuwa na lazima. Yafaa kila mwenye kompyuta aelewe kwamba kushindwa kuwaka ni jambo moja, na kupotea kwa yaliyomo ni jambo jingine. Ni kama ghala ambalo kufuli la mlango wake limeharibika: mahindi yangali ndani, ila mlango haufunguki. Mafaili yanayoiamsha mashine ni machache, nayo hukaa mbali na barua na picha za mwenye nyumba. Yakivurugika hayo, mengine huwa yamelala salama.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulionekana tarehe 19 Julai 2024. Siku hiyo kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike, inayouza programu za ulinzi, ilisambaza faili moja lenye kosa. Kompyuta zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya kampuni ya Microsoft, zikaanguka na kuonyesha kioo cha buluu. Viwanja vya ndege vikasimama, hospitali na benki zikahangaika. Hata hivyo diski zake zilikuwa nzima. Dawa yake, kwa nyingi kati ya hizo, ilikuwa kuiwasha mashine katika hali ya usalama, ambamo huamshwa vitu vya lazima tu, kisha kulifuta faili hilo moja. Ole wake aliyekimbilia kufuta kila kitu asubuhi ile!

Basi mwenye nyumba aanzie wapi? Aanzie nje, aende ndani polepole, kama polisi anavyoikagua gari kabla ya kufungua boneti.

Kwanza atazame kama kuna flashi iliyosahauliwa katika tundu lake. Baadhi ya mashine hutafuta mfumo wa kuwakia katika flashi kabla ya diski, na zisipoukuta husimama hapo hapo na kulalamika kwamba hakuna diski. Inachekesha, lakini wako watu waliolipa fundi kwa ajili ya flashi. Pili aichomoe plagi na kuichomeka tena barabara, na kama inawezekana aijaribu katika soketi nyingine, kwa waya mwingine. Umeme wa Uganda ni wa volti 240. Nyuma ya kompyuta kubwa za zamani huwa kuna swichi ndogo, mara nyingi nyekundu, yenye namba 115 na 230. Sharti isomeke 230. Mtoto akiichezea ikasomeka 115, mlio wa mpasuko na harufu ya kuungua vitatoa habari.

Umeme wenyewe ni adui mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, hasa dakika unaporudi, kwa kuwa hapo volti huweza kupanda na kushuka kwa kasi. Kompyuta na ichomolewe mara tu umeme unapokatika, na isirudishwe hadi taa za nyumba zitulie kwa dakika kadhaa. Stabilaiza husaidia. Kifaa chenye betri kinachoipa mashine muda wa kuzimwa kwa utaratibu husaidia zaidi, kwani kukatika ghafla wakati diski inaandika ndiko huvuruga yale mafaili ya kuiamsha.

Jambo la tatu ni kusikiliza. Kompyuta inapowashwa hujikagua yenyewe kabla ya kioo kuonyesha kitu. Desturi hiyo ilikuwamo tayari katika kompyuta ndogo ya IBM iliyotoka mwaka 1981: mlio mmoja mfupi ulimaanisha mambo ni shwari. Milio mingi, mirefu na mifupi, ni taarifa ya kasoro, nayo hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Mwenye mashine aihesabu na kuiandika katika karatasi. Fundi mzuri ataiomba karatasi hiyo, na asiye mzuri hataitaka.

Wakati wa kuganda nao una habari yake. Mashine inayofanya kazi vizuri kwa nusu saa kisha ikaganda, ikapumzishwa ikafanya kazi tena, kwa kawaida inaumwa joto. Vumbi jekundu la barabara za kambi huingia kwenye feni na kuziba mapezi ya chuma yanayoipoza prosesa. Prosesa ikizidiwa hujipunguzia kasi, na joto likipita kipimo mashine hujizima. Hapo brashi laini ya kupakia rangi inafanya kazi kubwa, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, feni ikishikiliwa kwa kidole isizunguke.

Mashine inayoganda ovyo, leo mara tatu, kesho haigandi kabisa, yaweza kuwa na kumbukumbu ya muda, yaani ramu, isiyokaa vizuri. Kompyuta ya mezani yaweza kufunguliwa bila woga. Huchomolewa plagi, kisha swichi hubonyezwa kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, na mtu hugusa chuma cha kasha apate kuondoa umeme wa mwilini. Ramu ni kipande chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu. Hutolewa kwa kufungua vibanio vyake, meno yakafutwa kwa kitambaa kikavu, kikarudishwa hadi vibanio vifunge. Kama viko viwili, kijaribiwe kimoja kimoja. Kazi hii ya dakika kumi imezifufua mashine nyingi zilizokwisha kutangazwa kuwa zimekufa.

Kasha likiwa bado wazi, kuna betri ya mviringo mfano wa sarafu, yenye chapa CR2032 na nguvu ya volti 3. Ndiyo inayolinda saa ya mashine na mpangilio wake. Ikiisha, kompyuta hurudi kwenye tarehe ya miaka mingi iliyopita, husahau ni diski ipi ya kuanzia, na huweza kusimama ikidai kibonyezo fulani kibonyezwe. Hupatikana madukani pamoja na betri za saa, na bei yake ni ndogo.

Yafaa pia kutazama vile vipipa vidogo vilivyosimama juu ya bodi kuu, viitwavyo kapasita. Vichwa vyake viwe bapa. Vikivimba, au vikitoa ute wa kahawia, mashine husumbua kuwaka asubuhi, ikashika baada ya majaribio manne au matano. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000 vilitengenezwa vipipa vibovu vingi, vikaingia katika kompyuta za makampuni mengi makubwa. Mashine za miaka hiyo zingali katika baadhi ya nyumba, zilizonunuliwa kama mitumba ya maofisi. Fundi mwenye chuma cha kuchomelea aweza kuvibadilisha. Lakini lile boksi la chuma linaloingiza umeme, waliloliita mafundi pawa saplai, lisifunguliwe nyumbani na mtu yeyote, kwani huweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Na kompyuta ya mkononi ambayo betri yake imevimba na kuinua kibodi izimwe mara moja, isichajiwe, isitobolewe. Betri ya namna hiyo huweza kuwaka moto.

Sasa diski yenyewe. Katika diski ya kawaida mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma huelea juu yake kwa nafasi ndogo mara maelfu kuliko unene wa unywele. Kichwa hicho kikianza kugusa sahani, husikika mlio wa tik, tik, tik, unaorudiwa kwa mpango. Anayeusikia mlio huo na asiendelee hata kidogo. Kila jaribio la kuwasha humkwangulia sehemu nyingine ya picha zake. Programu za kutengeneza diski nazo zisitumiwe hapo, kwa sababu huilazimisha kuzunguka kwa saa nyingi na kuandika upya juu ya mgonjwa. Wako wanaoshauri diski itiwe katika friji ipoe. Ikitoka humo hupata unyevu, na unyevu juu ya sahani ni maangamizi. Wala isifunguliwe kwa bisibisi sebuleni, kwani chembe moja ya vumbi kwa kichwa hicho ni jabali. Diski mpya zisizo na sahani, ziitwazo SSD, hazitoi mlio wowote. Hizo hufa kimya, pengine bila onyo.

Kama hakuna mlio, kuna njia nzuri ya kuyaokoa yaliyomo bila kuigusa Windows. Mfumo wa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, hutolewa bure. Jirani mwenye kompyuta nzima aweza kuuandika katika flashi ya gigabaiti 8. Mashine mgonjwa huwashwa kwa flashi hiyo, ikachaguliwa kujaribu na si kuingiza, na diski ya ndani hufunguka kama kabati. Hapo picha na karatasi hunakiliwa kwenye diski ya nje. Zianzwe zile zisizopatikana kwingine, filamu na nyimbo zikae mwisho. Njia nyingine ni kuitoa diski na kuiunganisha katika kompyuta nzima kwa waya wa kubadilishia, ambao mafundi wengi wanao.

Kikwazo kimoja hujitokeza katika kompyuta mpya za Windows. Nyingi hufungia diski kwa maandishi ya siri, na bila ufunguo wa tarakimu 48 hata fundi bingwa hawezi kuona kitu. Ufunguo huo mara nyingi huwa umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Baba akiwa safarini na nywila iko kichwani mwake tu, mama amekwama. Basi tarakimu hizo na ziandikwe katika karatasi leo, mashine ikiwa nzima, na karatasi iwekwe pamoja na hati za nyumba.

Baada ya kuokoa, fundi na aitwe, na aambiwe mbele ya shahidi: diski hii isifutwe bila ruhusa. Akisema ni lazima kuifuta, aulizwe ameona kasoro gani, na kwa jaribio lipi. Diski yenye mlio isifutwe na kutumiwa tena, bali ibadilishwe.

Na ile diski mbovu isiachwe kwa fundi wala isiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Iliyoshindwa kuwasha mashine ya nyumbani huweza kusomeka kwa mwenye vifaa, na ndani yake mna picha za watu waliovaa sare, namba zao za kazi, na barua zinazotaja mahali walipo. Mwenye diski airudishe nyumbani, na kama ni ya sahani, azitoboe kwa drili mara kadhaa kabla ya kuitupa.