Kisahani Kinapotii Mkono

Asimamaye juu ya mteremko wa Nzahaha, wilayani Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, huiona nchi ikiporomoka chini ya miguu yake: migomba, mibuni, vijishamba vya maharage vilivyopangwa kama ngazi, na mbali bondeni mashamba ya mpunga ya Bugarama. Huko, kando ya mto Rusizi, ndiko Rwanda inakofikia chini kabisa, kiasi cha mita 950 juu ya usawa wa bahari. Ardhi tambarare imekwisha kupewa kazi yake, nayo ni kulisha watu. Mwenye kutafuta uwanja wa mpira hapo atatafuta sana.

Ni katika mteremko huo nilipofundishwa, kwa aibu kidogo, maana ya mtupo mzuri. Nilikuwa na kisahani cha gofu mkononi, na kama wageni wote wa mchezo huo nilitaka kwanza kuonyesha nguvu. Nikakitupa kwa uwezo wangu wote. Kikapaa juu ya migomba, kikapendeza mno, kisha kikageuka kushoto na kutua katikati ya maharage ya watu. Bibi mwenye shamba akakiokota, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akasema, "kitu chako kinaruka vizuri. Lakini maharage yangu hayawezi kuruka yakikwepe."

MCHEZO WENYEWE

Huenda wasomaji wengi hawajauona mchezo huu. Ni gofu, ila badala ya kupiga kijipira kwa fimbo, mchezaji hutupa kisahani cha plastiki kuelekea kikapu cha chuma kilichoning'inizwa minyororo juu yake. Mahali kisahani kinaposimama ndipo mtupo unaofuata unapoanzia. Anayefika kikapuni kwa mitupo michache kuliko wenzake ndiye mshindi. Kisahani chenyewe ni kidogo kuliko kile cha kuchezea ufukweni: kipenyo chake ni kama sentimita 21, na uzito wake aghalabu ni kati ya gramu 150 na 180.

Aliyeupa mchezo huu sura yake ni Mmarekani Ed Headrick. Kiwanja cha kwanza alikiweka California mwaka 1975, na chama cha wachezaji kikaanzishwa mwaka 1976. Alipofariki mwaka 2002, majivu ya mwili wake, kwa wasia wake mwenyewe, yalichanganywa na plastiki na kufinyangwa visahani. Mtu huyo aliupenda mchezo hata baada ya uhai.

Lakini tusidhani kwamba kulenga ni jambo geni katika nchi hii. Katika malezi ya vijana wa itorero hapo zamani, pamoja na ngoma na adabu, walifundishwa kumasha, yaani kulenga shabaha kwa mshale, na kutupa mkuki. Kisahani ni kigeni; jicho na mkono ni vilevile.

MITUPO INAYORIDHISHA

Kwanza msomaji afahamu siri moja. Mtu wa mkono wa kulia akitupa kwa kuuvuta mkono kutoka kifuani, mgongo wa kiganja ukitangulia, kisahani huzunguka kama mishale ya saa. Kikiwa na kasi huenda mbele. Kasi ikipungua hulalia kushoto. Akitupa kwa upande wa pili, kiganja kikitangulia, mambo yote hugeuka, nacho hulalia kulia. Anayetumia mkono wa kushoto abadilishe maelezo haya. Nilipoharibu maharage sikuijua siri hii, nililaumu upepo.

Mtupo wa kuinamisha ukingo ndio wa kwanza kumfurahisha mwanafunzi. Ukingo wa nje wa kisahani huteremshwa kidogo kabla ya kuachiliwa, nacho huchora upinde kuelekea kushoto. Ikiwa njia inazunguka kichaka cha migomba, kisahani huizunguka pamoja nayo kama mtu anayejua kwake. Raha yake ni kwamba mtupaji hukipoteza machoni kwa nukta chache, kisha hukiona kimetua alikokusudia.

Mtupo wa kuinua ukingo ni kinyume cha huo, nao una hila zaidi. Kisahani huanza kwa kwenda kulia, na kasi ikipungua hujirudi kushoto. Mwanzoni watazamaji hudhani mtupaji amekosea, mwishoni hunyamaza.

Mtupo mnyofu huonekana rahisi, ilhali ndio mgumu kuliko yote. Kukipitisha kisahani katika mlango mwembamba kati ya miti miwili bila kugusa jani kunadai mkono uliotulia, bega lisilopanda, na kisahani kilicholala kama sinia ya chai. Mwenye hasira hauwezi.

Mtupo wa bondeni ndio hasa wa nchi ya vilima. Kisahani kilichotupwa kutoka juu hukaa hewani muda mrefu, na kwa sababu hiyo hupata nafasi ndefu ya kulalia upande. Basi mtupaji hupunguza nguvu, huteremsha kidogo ukingo wa mbele, na huelekeza jicho kulia kwa shabaha. Mchana upepo wa mabonde huelekea kupanda mlima, ukamjia usoni. Upepo wa mbele hukifanya kisahani kama kwamba kina kasi kubwa kuliko ilivyo, kikaelekea kupinduka kulia. Dawa yake ni kisahani kizito na mtupo wa chini. Kukitazama kikishuka polepole juu ya bonde, kisha kikae kimya njiani bila kudhuru mche wa mtu, ni furaha isiyoelezeka kwa urahisi.

Upo pia mtupo wa kubingirisha, ambao kisahani hutua kwa ukingo na kwenda kama gurudumu. Uwanjani ni mzuri sana. Mlimani nashauri uachwe, maana kitu kinachobingirika huko hakijui pa kusimama.

UMBALI NA ULENGAJI

Mwaka 2016 David Wiggins alitupa kisahani umbali wa mita 338 katika jangwa la Nevada, upepo ukimsaidia. Ni jambo la ajabu. Hata hivyo, mtupo ambao wapenzi wa mchezo husimuliana zaidi haukufika hata robo ya umbali huo. Katika mashindano ya dunia ya mwaka 2021 mjini Ogden, Utah, James Conrad alifika shimo la mwisho akiwa nyuma ya Paul McBeth kwa mtupo mmoja. Akiwa umbali wa kama mita 75, alitupa kisahani moja kwa moja hadi kikapuni. Wakalingana, na Conrad akashinda katika shimo la nyongeza.

Nasi wa kawaida tunayo furaha yetu katika mita kumi za mwisho. Humo sheria inamtaka mtupaji asivuke alama yake mpaka adhihirishe kwamba amesimama imara. Hupumua, hutazama mnyororo mmoja tu, hunyoosha mkono. Mlio wa minyororo ikipokea kisahani haufanani na mlio mwingine, na mzee wa miaka sabini huupata sawa na kijana.

KUANZA NYUMBANI

Si lazima kununua kitu. Kifuniko cha ndoo kisicho na ncha kali chatosha kujifunzia, na kapu kuukuu lililofungwa kwenye kigingi ni shabaha njema. Mwanzo uwe hatua tano, kisha kumi. Njia ipite juu ya vijia na nyasi, kamwe isipite shambani. Mwenye shamba aombwe ruhusa kabla, si baada. Asitupe mtu yeyote ilhali kuna mpita njia au mtoto mbele. Kisahani kizito huumiza.

Kwa mchezo wa namna hii mteremko unageuka kuwa neema: mama, baba na watoto waweza kucheza pamoja jioni, kila mmoja kwa nguvu zake, bila kusawazisha hata mita moja ya ardhi. Katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2022 ilionyesha zaidi ya watu 500 kwa kilomita moja ya mraba, hilo si jambo dogo.

Siku ya pili nilirudi kwa yule bibi kuomba radhi na ruhusa. Akanionyesha kijia kinachopita pembeni mwa shamba lake, akaketi kutazama. Nikainamisha ukingo, nikatupa kwa nusu ya nguvu. Kisahani kikazunguka migomba, kikatua katikati ya kijia.

"Leo umekituma," akasema. "Jana ulikifukuza."

Wahenga walisema, mtupa jiwe gizani hajui limpataye. Mtupo unaoridhisha ni ule ambao mtupaji, kabla ya kuuachilia, anajua utamfikia nani na utamkosa nani.