Daraja Tatu za Kuungua

Ngozi ya mwanadamu ina tabaka mbili. Ya juu ni nyembamba. Ya chini ni nene, nayo ina mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Basi ubaya wa kuungua hupimwa kwa kina chake.

Katika daraja ya kwanza moto umegusa tabaka ya juu tu. Ngozi huuma na kuwa nyekundu, ijapokuwa kwa mtu mweusi wekundu hauonekani upesi. Nayo hupona kwa muda wa juma moja. Katika daraja ya pili moto umeingia tabaka ya chini: malengelenge hutoka, na maumivu ni makali. Katika daraja ya tatu tabaka zote mbili zimeteketea. Ngozi huwa nyeupe au nyeusi, kavu na ngumu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto hulia sana, na wote humkimbilia. Aliyeangukia mekoni huenda asilie hata akiguswa penye jeraha, nao husema, "Si kitu." Kumbe mishipa ya fahamu imekufa, wala haiwezi tena kupeleka habari ya maumivu. Jeraha lisilouma ndilo la kuogopwa.

Mtu akiungua, na amwagiwe maji baridi safi kwa dakika 20, kisha jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi. Asipakwe mafuta, wala chumvi, wala samadi; wala malengelenge yasitumbuliwe. Na aliyeungua daraja ya tatu apelekwe hospitali mara moja, ajapokuwa amenyamaza.