Falme za Wavaa Majoho

Tarehe 1 Mei 1966, nyuma ya nyumba moja mjini Berkeley, California, vijana wapenzi wa vitabu vya kale walijivika mavazi ya Ulaya ya enzi za kati wakashindana kwa panga za bandia. Chama kilichotokana na sherehe ile, Society for Creative Anachronism, leo kina falme zake, wafalme wanaopatikana kwa kupigana uwanjani, na kalenda inayohesabu miaka tangu siku hiyo. Mwanachama hujichagulia jina la mtu ambaye angeweza kuishi kabla ya karne ya 17. Jumatatu anarudi ofisini kuwa mhasibu kama kawaida.

Sharti la kuingia kwenye mikutano yao ni kuvaa nguo za enzi hizo, au walau kuonyesha umejaribu. Mgeni aliyekuja mikono mitupu hafukuzwi. Kuna akiba ya nguo za kuazima wanayoiita Gold Key, na hapo joho ndilo mwokozi: halichagui mnene wala mwembamba, na linaficha jinzi.

Kulikata hakuna maajabu. Kitambaa cha upana wa sentimita 150 na urefu wa mita 3 hutandazwa sakafuni. Uzi hushikizwa katikati ya ukingo mrefu, chaki ikafungwa mwisho wake, kisha ikazungushwa kutoka kona hadi kona. Nusu duara hiyo. Pale uzi uliposhikizwa ndipo shingo, na hapo mkasi utumike kwa ubahili, maana shingo ikiwa pana joho zima hutelezea mgongoni na kumkaba mwenyewe. Wazoefu hawapindi ncha siku hiyohiyo. Hulitundika kwanza, kwa sababu sehemu zilizokaa mshazari huvutwa na uzito wake, na pindo la haraka huishia kuwa na mikia.

Ugomvi wao usiokwisha ni cherehani. Wako wanaoshona kila kitu kwa mkono, kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, na wanamtazama mwenye cherehani kama aliyefuturu adhuhuri. Kwa maoni yangu wanagombania kidogo na kuacha kikubwa, yaani kitambaa. Sufu ya enzi za kati ilikandwa majini mpaka nyuzi zikashikana, ikachambuliwa manyoya kwa miiba ya mmea, kisha ikapunguzwa kwa mkasi. Sufu ya namna hiyo haifumuki ukingoni hata ikiachwa bila pindo, na mvua huchukua muda kuipenya. Joho la poliesta, hata lishonwe kwa mkono wa malaika, halianguki vile. Tena cheche ya moto wa kambini huliyeyusha, wakati sufu huungua kidogo ikazimika.

Ushahidi wa kweli wanautafuta kwenye makumbusho. Mwaka 1936, karibu na Varberg nchini Uswidi, kulifukuliwa kwenye matope maiti ya mwanamume wa karne ya 14 aliyekuwa amekandamizwa kwa vigingi. Tope lilimhifadhia joho, kanzu, soksi ndefu na kofia yenye mkia mrefu, vyote vya sufu, na mishono inasomeka hadi leo. Huko Vienna limo joho jingine, la hariri nyekundu, lililotengenezwa Palermo kwa Roger II, mfalme wa Sicily. Lina upana wa zaidi ya mita 3, na pembeni limetariziwa maandishi ya Kiarabu yenye mwaka wa Hijria 528. Wafalme Wakristo walilivaa wakitawazwa, maandishi yakiwa palepale. Kwa msomaji wa pwani anayejua joho la liwali, hilo halina ugeni mkubwa.

Mshonaji aliyebobea hupewa heshima ya Laurel, inayolingana na ya mpiganaji bora. Kisha anatarajiwa kufundisha, na darasa lake la kwanza kwa kawaida huwa na watu waliobeba blanketi wakiuliza kama litafaa. Likiwa la sufu, litafaa.