TV ya Guka Iko Kwa Kona? Usiidunge Kwa Stima Kabla Usome Hii

Kama shosh yako ako Kaloleni, Makongeni, Jericho ama Maringo, cheki vizuri pale kwa kona ya sitting room. Kuna sanduku la mbao lenye kioo kimevimba mbele, limefunikwa kitambaa, juu yake kuna maua ya plastiki. Hiyo ni TV ya guka. Na ikiwa ni ya zamani kabisa, si TV ya kisogo ya kawaida. Ni ya valvu.

Najua kitu unataka kufanya. Unataka kuidunga kwa soketi uone kama itawaka, urekodi, upost. Tulia kwanza. Hiyo sekunde moja inaweza kumaliza TV iliyokuwa bado inaokoleka. Inaweza kukumaliza pia.

Utajuaje ni ya valvu?

TV ilianza Kenya 1962, na miaka miwili baadaye serikali ikachukua stesheni ikaiita Voice of Kenya. TV nyingi za enzi hizo zilifanya kazi na valvu: vichupa vya glasi vyenye waya ndani, unapata moto hadi unang'aa rangi ya machungwa. Muulize shosh, "Mkiiwasha, picha ilikuwa inatokea mara moja ama mlikuwa mnangoja?" Akisema walikuwa wanangoja ipate moto kwanza, hapo kuna valvu.

Usichanganye na ile Great Wall ndogo ya betri ya gari. Hiyo ni ya transista, stori tofauti kabisa.

Kwa nini usiidunge?

Wasee wengi hudhani valvu ndizo huharibika zikikaa. Mara nyingi valvu ziko fiti. Shida ni kapasita, vile vipipa vidogo vinavyobeba chaji. Za zamani zilitengenezwa na karatasi. Miaka ikienda, karatasi inanyonya unyevu na stima inaanza kupenya mahali haifai. Kapasita zile kubwa nazo hukauka ndani.

Sasa ukiiachilia volti 240 zote mara moja, kapasita mbovu inapiga shoti na kuchoma majirani. Hapo ndipo unaweza kupoteza transfoma ya laini, ile inayotengeneza volti za juu za kioo. Valvu bado utapata online. Transfoma hiyo ilisukwa kwa ajili ya modeli fulani, na ikiungua, kupata nyingine ni noma. TV yako inabaki stuli ya maua.

Sehemu ya kukuua

Hapa tubonge serious. TV nyingi za valvu zimeunganishwa moja kwa moja na stima ya nyumba. Chasi, yaani ule mwili wa chuma wa ndani, inaweza kuwa na stima yote ikitegemea vile umegeuza plagi. Dalili moja iko kwa majina ya valvu. Ukiona zinaanza na herufi P, kama PCL82 ama PL36, hizo zimepangwa kwa mstari mmoja kama taa za Krismasi. Moja ikikatika, zote zinazima. Na kwa TV za hivyo, chukulia chasi ina stima hadi uthibitishe haina.

Halafu kuna kioo chenyewe. TV ya black and white ya valvu inaweza kukipa zaidi ya volti 10,000, na kioo huweza kushika chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Usiguse ule waya mnene unaoingia ubavuni mwa kioo. Usigonge shingo yake nyembamba kwa nyuma, ju ndani hakuna hewa na kikipasuka, vipande vinaruka.

Kazi inaendaje?

Kwanza ni kutafuta fundi anayejua valvu. Ukishampata, hii ndio rada, usipigwe.

Plagi ikiwa nje, kioo kinaondolewa chaji. Vumbi linatolewa na brashi laini, pole pole. Kila valvu inaandikwa ilitoka shimo gani. Piga picha za kila kona kabla waya yoyote iguswe.

Pili, kapasita za karatasi zinabadilishwa zote, hata zenye zinakaa poa. Mpya ziwe na thamani ile ile, na volti zisiwe chini ya za mwanzo. Zile kubwa zinapimwa. Zikiwa zimekufa, zinatoka. Fundi akikwambia "hizi tutaacha tuone," muulize ataona nini kama si moshi.

Tatu ndio stima, na bado si moja kwa moja. Fundi mzuri anaunganisha balbu ya zamani ya waya, kama ya wati 100, katikati ya stima na TV. LED haiwezi hii kazi. Balbu ikiwaka kabisa na isipungue, kuna shoti, zima. Ikiwaka kwa nguvu halafu ipunguze, kuna matumaini. Usitarajie picha hapo, balbu inakula volti. Ni ya kupima tu.

Mambo yakienda poa bila balbu, utasikia sauti nyembamba kama mbu. Hiyo ni laini ikicheza mara 15,625 kwa sekunde. Wewe utaisikia. Shosh pengine hataisikia, ju masikio hupoteza sauti za juu na umri.

Imewaka, lakini hakuna kitu

Usilie. Hiyo TV inatafuta hewa ya analogia, na Kenya ilihama dijitali. Unakumbuka Februari 2015, NTV, KTN na Citizen zikizima? Hiyo ndio ilikuwa vita yenyewe.

Kwa hivyo unahitaji decoder, pamoja na kifaa kinachoitwa modyuleta. Hiki hugeuza picha ya decoder kuwa mawimbi yanayoingia kwa tundu la aerial. Kuwa makini: TV nyingi za zamani hushika VHF pekee, na modyuleta nyingi hutoa UHF. Uliza kabla utoe doh. Halafu weka decoder kwa 4:3, la sivyo watu watakuwa warefu kama mlingoti.

Ni worth?

Kwa pesa, hapana. Kwa bei ya kapasita, fundi na modyuleta, pengine utapata flat screen ya mtumba. Lakini mtu wa skrap akipita na mkokoteni, hiyo TV ataipima kilo tu. Kwake ni chuma na kopa.

Na wale mafundi waliojifunza valvu wakiwa vijana sasa ni wazee. Duka nyingi za Luthuli zitakuuzia screen mpya kabla hujamaliza sentensi. Mzee wa mtaa mwenye hiyo ujuzi hana website, na huenda hakuna kijana amewahi kumuuliza. Uliza kwa vibanda vya redio, uliza kanisani, muulize shosh nani alikuwa anairekebisha. Mpelekee, mlipe poa, na kaa hapo ukitazama mikono yake.